Ndege Imeanguka

Kila nikialikwa mahali, iwe harusi iwe arobaini ya mtoto, chapati zikishaliwa hakosi mtu wa kusema, "Hebu tupe ile hadithi ya ndege." Nisipoitoa mimi wanaitoa wao wenyewe. Wanaicheka mpaka wanapigana makofi mgongoni, halafu wanaikatia pale wanapopapenda wao, kwamba wazee wakapatana, na wananigeukia nicheke na mimi. Sicheki. Leo naieleza mwenyewe, na mwenye kucheka acheke, ila asiondoke kabla sijamaliza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Tanga, na wakati huo nilikuwa nikiishi Marekani, Silver Spring, pembeni ya Washington, kazi yangu kulea wazee wa watu majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Karatasi zangu zilikuwa bado ziko kwa serikali, na wakili aliniambia waziwazi kwamba nikitoka nje ya nchi kabla sijajibiwa, nisitegemee kurudi. Kwa hiyo mlango wa kwenda kumwona mama ulikuwa umefungwa. Uliobaki ni mmoja tu, mama aje kwangu. Alinyimwa viza, akaomba tena, akanyimwa, akaomba tena. Alipoipata, uwanja wa ndege wangempa miezi sita. Miezi sita na mama yangu! Nilinunua kitanda. Nilizunguka maduka ya Waafrika kutafuta mbuzi ya kukunia nazi mpaka nikaipata, maana nilijua akinikuta natumia nazi ya kopo hatanisamehe.

Baba hakutaka aende. Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, amestaafu shule lakini hajastaafu ualimu. Sisi wanawe tumechapwa fimbo zaidi kwa ajili ya ngeli kuliko kwa ajili ya utundu. Alimwambia mama, "Ukipanda ndege hiyo, usinihesabu kuwa mumeo." Mama akapanda. Siku ya safari mzee aligeukia ukuta, hata mkono hakumpa. Mama alinieleza hayo kwa simu kabla ya kuondoka, sauti imekauka, na mimi nikasema moyoni, potelea mbali, mzee amekuwa naye umri mzima, zamu yangu sasa.

Hayo ya mama yawekeni hapo. Sasa niwaeleze ndege.

Nilikuwa na rafiki, nesi, Mkenya wa Nakuru. Nilimwita shoga yangu, yeye akanikataza nisimwite hivyo mbele ya Wakenya wenzake, nikaendelea kumwita. Huyo ndiye aliyenitia katika mambo ya kutazama ndege. Alikulia karibu na lile ziwa lao, na alipofika Marekani akatafuta maji yenye ndege kama mtu anavyotafuta msikiti au kanisa. Huko akakutana na Mmarekani mweusi mmoja, mzee wa mtaa wa Shaw pale Washington, ambaye alisoma Kiswahili chuo kikuu ujanani na hakukiacha. Tulimwita Mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata kunjo moja. Tukaongezeka na Mkongo wa Bukavu, dereva wa teksi, ambaye kwake ndege wengi walikuwa "bandege". Basi kila Jumamosi, majani yakianza kugeuka rangi, tulikuwa pembeni ya bwawa fulani au ndani ya msitu fulani, shingo juu, darubini machoni, thermosi ya chai chini.

Sikatai, ilikuwa raha. Watazamaji ndege wa kule, wazungu kwa weusi, wana desturi nzuri. Ukishuka tu kwenye gari mtu usiyemjua anakuuliza, "Umeona nini leo?" na wewe unamwambia, na yeye anakwambia. Bata wa aina fulani wameingia ng'ambo ile. Kipanga amekaa kwenye mti mkavu. Hakuna mchoyo. Mimi, ambaye wiki nzima sikuulizwa na mtu isipokuwa kama nimebadilisha shuka, nilipenda kuulizwa nimeona nini.

Wenyewe walikuwa na namba ya simu, unapiga unasikia kanda inayotaja ndege gani ameonekana wapi. Na sisi tukaanzisha yetu. Atakayeona jambo kubwa anampigia mwenzake, na asipomkuta anaacha ujumbe kwenye mashine ya simu. Sharti la Mwalimu lilikuwa moja: Kiswahili kitupu.

Yeye Mwalimu ndiye aliyetuletea lile neno. Vuli ya kule, ndege wa kaskazini wanahama kufuata joto, wanapita usiku, juu sana. Wakikutana na upepo mbaya wanashindwa, wanashuka kwa mkupuo kwenye ziwa au msitu wowote ulio chini yao. Asubuhi unakuta miti imejaa wageni. Watazamaji wana neno lao la jambo hilo, na Mwalimu akalitafsiri kuwa kuanguka. "Ndege wameanguka." Nikamwambia, Mwalimu, kwetu ndege akianguka amekufa. Akatabasamu, akasema lugha hukua, dada yangu. Ikakua kweli. Ikaota pembe, ikanichoma mimi.

Na shoga yangu naye! Kwake yeye kila kiumbe ni "i". Ng'ombe imekunywa maji. Paka imezaa. Mara ngapi nilimwambia: ndege wa manyoya ameanguka, ndege ya chuma imeanguka, mtoto anayenyonya Tanga anajua. Alikuwa ananijibu neno lile lile, mkono kiunoni: "Si umenielewa? Basi."

Si umenielewa. Ngojeni.

Mama alikuwa atue siku ya Jumamosi, mchana. Nilikuwa na zamu ya asubuhi kwa bibi mmoja, sikupata wa kunishikia. Kaka yangu, aliyekuwa akikaa Woodbridge, alikuja na gari lake nyumbani kwangu mapema anisubiri, nikitoka kazini twende wote uwanjani. Alikuwa na ufunguo. Akaingia, akaona taa ya mashine inawaka nyekundu, akabonyeza.

Nitawaambia ujumbe ulivyokuwa, maana niliusikiliza baadaye mpaka nikauhifadhi. Sauti ya shoga yangu, anahema, nyuma yake upepo na makelele ya watu:

"Dada! Uko wapi? Ndege imeanguka! Imeanguka kwa maji, huku Occoquan. Ile kubwa, nyeupe, imetoka mbali sana. Ni hiyo upepo ya usiku imeiangusha. Watu wamejaa, hata polisi wako hapa wanazuia magari. Mimi nimelia, haki. Nimelia kama mtoto. Kuja!"

Mashine ikakata.

Kaka yangu ni mtu wa pupa tangu utotoni. Akinusa moshi keshamwaga maji kitandani. Televisheni ilikuwa mbele yake, imezimwa. Hakuiwasha. Occoquan ni pua na mdomo na kwake, ametoka huko huko asubuhi ile, hakuona moshi, hakusikia king'ora. Hakujiuliza. Namba ya shirika la ndege nilikuwa nimeibandika mlangoni pa friji kwa herufi kubwa. Hakupiga. Unajua alipiga wapi? Alipiga Tanga. Alimpigia mwenye duka jirani na kwetu, ndiye aliyekuwa na simu, akamwambia mwite baba, na baba alipokuja akamwambia, "Mama hatunaye. Ndege imeanguka."

Nilipofungua mlango nilimkuta kaka yuko sakafuni, ameukumbatia mto. Akaniambia maneno yale yale. Sikumbuki nilivyofika chini. Nakumbuka nimeishika mbuzi ya nazi, sijui niliitoa wapi, nimeibana kifuani na meno yake yananichoma, na ninapiga kelele kwamba hata hajaitumia, hata hajaitumia.

Kisha nikamwuliza, nani kasema? Akaionyesha mashine. Nikabonyeza. Sauti ya shoga yangu ilipofika kwenye "imeiangusha" nilikuwa tayari nimesimama.

"Huyu hasemi ndege!" nikamwambia. "Anasema ndege!"

Kaka akanitazama kama mtu aliyeona nimerukwa na akili.

"Ndege wa kuruka, mpumbavu wewe! Wa mabawa! Mwenye manyoya! Amesema 'imeanguka' kwa sababu hajui ngeli!"

Hapo ndipo wanapocheka wote kwenye sherehe. Mimi nilimpiga kaka yangu makofi, mtu mzima ana ndevu, nikampiga na mto. Nikalipigia shirika la ndege, wakaniambia ndege iko angani, salama, itatua kwa wakati. Nikapiga Tanga. Simu ya dukani ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mtaa mzima ulikuwa umeshaipata ile simu, kila mtu anampigia ndugu yake Muheza, Korogwe, Dar. Ilitubidi tuondoke kwenda kumpokea mama aliye hai huku kwetu mikeka imekwisha kutandikwa.

Alitoka mlangoni pa uwanja anasukuma mizigo, kanga yake begani, amenyooka. Kaka akamwangukia miguuni mbele ya watu wote. Mimi nilimkumbatia nikashindwa kumwachia. Mama akasema, "Mbona mnalia kama mmefiwa?" Miaka yote nililingoja kumbatio lile, nililifanyia mazoezi na mito, na lilipofika likawa kumbatio la maiti aliyefufuka. Na hilo pia waliniibia.

Jioni simu ikapokewa Tanga. Kwao usiku ulikuwa umeshakwenda sana, lakini watu hawakulala, niliwasikia nyuma wanasoma. Mama akaomba simu. Akaita jina la baba, akasema, "Ni mimi. Nimefika." Kisha nikaisikia sauti inavuja kwenye simu mpaka pale nilipokaa, sauti ya baba yangu analia. Sikuwa nimewahi kuisikia kabla ya hapo, hata alipozikwa bibi. Mama aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia, macho yanang'aa kama ya mwali wa jana.

"Babako analia," akasema. "Sikia. Ananililia mimi."

Tangu siku hiyo hakuwa wangu tena. Nampikia, anauliza simu. Nampeleka dukani, anataka turudi mapema, baba asije akapiga akatukosa. Alimhoji kwa simu mke wa yule mwenye duka wa Tanga kuhusu matanga yake mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho: nani alikuja, nani alilia kweli na nani alilia kwa ajili ya pilau, nani aliulizia sanduku lake la kanga kabla hata ya kuulizia maiti. Akaambiwa baba aligonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, na kwamba alisema mbele ya wanaume, "Nilimnyima mkono." Mama alinitaka nimrudishie hayo kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyekuwepo.

Jumamosi iliyofuata akaniambia, "Nipeleke nikamwone huyo ndege aliyeniua."

Alikuwepo bado, kule Occoquan, peke yake katikati ya maji, mkubwa, mweupe, na ule mfuko wake chini ya mdomo. Mwari! Ana jina! Angesema "mwari imeanguka", hata na hiyo ngeli yake ya kuchinjwa, kaka yangu angejua si ndege ya abiria. Mtu aliyekulia kati ya mwari maelfu, asijue wanaitwaje kwa Kiswahili!

Shoga yangu alikuwa anatungoja na mandazi kwenye kopo la plastiki. Alikuwa hajathubutu kuja kwangu wiki nzima, na alifanya vizuri. Nilianza naye pale pale. Nilimwambia ulijua mama anakuja siku hiyo, nilikwambia kwa mdomo wangu. Akasema alijua, alifikiri tungempitisha mama hapo moja kwa moja kutoka uwanjani, aone. Akasema alipoiona ile ndege imekaa kwa maji alimkumbuka marehemu babake, alivyokuwa anambeba kwa mabega kuziona, na hajarudi kwao tangu amzike. Ndiyo maana alilia. Hilo lilinikera kuliko yote, kwamba alikuwa na sababu. Mtu aliyekukosea akiwa na sababu unaipeleka wapi hasira yako?

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, hebu, ulisemaje hasa?"

"Nilisema ndege imeanguka, mama."

"Sema ameanguka."

"Ameanguka."

"Tena."

"Ameanguka."

"Haya. Ungesema hivyo nisingekufa." Na mama akacheka, shoga yangu akacheka huku analia, Mkongo akacheka, Mwalimu akavua kofia na kuomba radhi kwa Kiswahili kisicho na kunjo. Watazamaji wengine wakasogea kuuliza tumeona nini. Mimi nilikuwa natazama maji.

Mama akamtazama ndege kwa darubini, muda mrefu. Akamwuliza Mwalimu, "Huyu ataondoka lini?"

"Upepo ukigeuka, mama."

"Basi na mimi," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeaga kwenda sokoni.

Tuligombana njia nzima. Nilimwambia nimekungoja miaka, nimebisha milango ya ubalozi kwa barua, nimekununulia kitanda. Nilimwambia mzee huyo alikugeukia ukuta. Akasema ndiyo. Nilimwambia na mimi nilikulilia! Nilikulilia mpaka nikajichoma kwa mbuzi ya nazi, tazama!

"Najua," akasema. "Lakini wewe ulilia kisha ukaambiwa ni uongo, ukanyamaza. Yeye alikaa nao mpaka usiku. Mtu akishakuzika moyoni na ukafufuka, huwezi kumwacha peke yake miezi sita."

"Na mimi je?"

"Wewe karatasi zako zitatoka. Utakuja."

Hata wiki mbili hazikutimia. Nilimrudisha kwenye uwanja ule ule. Mbuzi ya nazi alikuwa ameitumia mara moja tu, akasema imelegea, haina meno ya maana. Baba alikwenda kumpokea Dar es Salaam amevaa kanzu mpya, na wanasema alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwao halikuwa desturi.

Hapo ndipo wanapoikatia. Wazee wakapatana! Makofi. Mtu ananijazia soda, ananiambia, unaona, Mungu hutumia hata ndege. Haya. Na mimi nimetumiwa kwa nini?

Vuli iliyofuata karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka. Nilikuwa nimerudi kuongozana nao mabwawani, maana hasira ni hasira lakini Jumamosi ni ndefu. Shoga yangu alikuwa ameshika adabu mpaka ikampita kimo. Aliogopa "i" kama moto. Ujumbe wake kwenye mashine ulikuwa, "Bata ameingia, maji amejaa, gari amekwama, nisaidie." Nilikuwa namsikiliza peke yangu jikoni namtukana kwa mapenzi.

Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta ile taa nyekundu. Nilibonyeza huku navua viatu, niko tayari kumrekebisha.

Ilikuwa sauti ya baba. Alisema, "Mwanangu, ni mimi baba yako. Mama yako ametutoka alfajiri ya leo. Tumemzika baada ya swala ya alasiri. Hakuugua. Subira, mwanangu."

Nilirudisha kanda nyuma. Nikasikiliza tena. Nikairudisha, nikasikiliza tena, nimesimama na kiatu kimoja, neno kwa neno, silabi kwa silabi, natafuta palipokosewa. Safari ile ya kwanza palikuwa na kosa. Nikaipekua sauti ya mzee, pumzi yake, kila kiambishi, mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Baba yangu hakosei ngeli.